Mita ya boti inasoma uongo: kutafuta hitilafu kwenye koili za stima ya gati

Boti nyingi unazoziona Dunga asubuhi hazihusiki na makala haya. Zina injini ya nyuma, betri moja ya taa, basi. Haya ni ya boti kubwa kidogo: za watalii, za utafiti, mashua za tanga zilizowekewa friji na chaja, na nyingine zozote zinazolala Kisumu au Homa Bay zikiwa zimechomekewa kebo kutoka nchi kavu. Fungua paneli ya boti kama hiyo utakuta pete imevishwa kwenye waya mnene, na nyaya mbili nyembamba zinatoka kwenye pete hiyo kwenda kwenye mita. Hiyo ndiyo koili ya kupimia mkondo. Mafundi tunaiita CT.

Mita ikianza kuonyesha mambo ya ajabu, koili ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi inasingiziwa. CT ni pete ya chuma iliyozungushiwa waya wa shaba, na ndani yake hakuna kitu kinachochakaa upesi. Kinachokosewa ni waya uliopitishwa tunduni, au upande ulioingilia, au namba ambayo mita imeambiwa. Kwa hiyo kabla hujatuma pesa Nairobi kuagiza koili nyingine, uliza: waya huu unaopita hapa unatoka wapi, unaenda wapi, na kuna nini kingine kimepita pamoja nao?

Kabla ya kugusa chochote, zima breka ya gatini, kisha chomoa kebo. Kuzima peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu anayepita anaweza kuiwasha akidhani anakusaidia. Zima jenereta na inveta pia. Inveta ndiyo husahaulika, na yenyewe inatoa volti 240 kutoka kwenye betri hata kama gati lote liko gizani. Pima paneli kwa testa ambayo umeijaribu kwanza mahali penye stima, ujue kwamba testa yenyewe ni nzima.

Sharti la pili linahusu zile CT za kizamani zinazotoa ampea 5, zilizoandikwa 50/5 au 100/5, yaani ampea 50 au 100 kwenye waya mnene zinakuwa 5 kwenye nyaya ndogo. Nyaya zake ndogo zisiachwe wazi hata dakika moja wakati waya mnene unapitisha mkondo. Zikiachwa wazi, koili inajaribu kusukuma mkondo usio na pa kupita, na volteji kwenye ncha zake inapanda hadi kiwango cha kuua mtu au kuchoma koili. Ukitaka kuondoa mita stima ikiwa imewaka, unganisha kwanza ncha hizo mbili pamoja kwa kipande cha waya. Hiyo ni shoti, ndiyo, lakini CT hupenda shoti. Koili ndogo za siku hizi, zile zinazotoa miliampea, nyingi zina kinga ndani yake. Hata hivyo, usiitegemee kinga usiyoiona.

Kipimo cha kuanzia

Usijaribu kutafuta hitilafu kwa friji au chaja. Friji inawaka na kuzima inavyotaka yenyewe, na chaja hunyonya mkondo kwa vipande vipande. Tafuta birika la umeme lililoandikwa wati 2000. Kwa volti 240, ambazo ndizo za Kenya, birika hilo linachukua takriban ampea 8.3. Lakini pima volteji kwanza. Kebo ndefu na nyembamba kutoka gatini inaweza kukuletea 220 badala ya 240, na hapo birika lilelile linakula kama ampea 7.6 na kutoa wati 1,680 hivi. Mtu asiyejua hili ataona mita inasoma 1,680 aanze kuirekebisha, kumbe mita ndiyo iliyosema kweli na kebo ndiyo yenye shida. Angalia pia kibandiko chini ya birika: mengine yameandikwa 220 hadi 240 na wati zake nazo ni za kutoka hapa hadi pale.

Chemsha maji, weka klampu mita (ile inayobana waya bila kuukata) kwenye waya mmoja wa laivu, linganisha na mita ya boti. Sasa una namba mbili. Tofauti kati yake ndiyo itakayokuonyesha pa kwenda.

Mita inasoma sufuri, birika linachemka

Hili ndilo tatizo ninaloitiwa kuliko mengine yote, na sababu yake ya kwanza haihitaji hata kifaa cha kupimia. Mtu amechukua kebo nzima inayotoka kwenye soketi ya ubavuni, ile yenye laivu, nyutro na waya wa ardhi ndani ya ganda moja, akaipitisha yote kwenye tundu la CT. Imepita vizuri, imekaa kitaalamu, na haitapima kitu milele. Mkondo unaokwenda kwa laivu unarudi kwa nyutro ukielekea upande wa pili, na kwa koili hiyo miwili inafutana. Koili inaona sufuri kwa sababu jumla yake ni sufuri kweli. Chubua ganda la kebo ndani ya paneli, tenganisha nyaya, pitisha laivu peke yake.

(Usikasirike na sufuri hiyo. Chini kidogo tutaihitaji.)

Kama ni laivu peke yake na bado ni sufuri, fuata waya kwa kidole. Paneli ya boti imepitia mikono mingi. Chaja iliyoongezwa mwaka jana huenda ilifungwa juu ya breka kuu, kabla ya kufika kwenye koili, kwa sababu hapo ndipo skrubu ilipokuwa na nafasi. Kinachochukua stima yake kabla ya koili hakionekani kwenye mita. Halafu kuna chenjiova, swichi ya kuchagua kati ya stima ya gatini na ya jenereta. CT iliyowekwa upande wa jenereta itapima jenereta tu; siku boti ikichomekwa gatini inanyamaza.

"Fundi, mita imekufa tena."
"Ilikuwa hai lini, nahodha?"
"Tulipokuwa Mbita, na jenereta."

Ukisikia majibu ya namna hiyo usifungue hata kisanduku cha vifaa. Peleka tochi moja kwa moja nyuma ya chenjiova. Koili inatakiwa iwe baada ya chenjiova, kabla ya breka ndogondogo, kama unataka ipime kila kitu bila kujali stima inatoka wapi. Kama mwenye boti anataka kujua matumizi ya gatini peke yake, kwa sababu gati linamtoza, basi iwe kabla. Muulize. Usimwamulie.

Baada ya hapo ndipo uangalie nyaya ndogo. Stima ikiwa imezimwa na nyaya zimetolewa kwenye mita, pima omu kati ya ncha mbili. Koili yenye mizunguko mingi, kama zile za 2000 kwa 1, itaonyesha makumi hadi mamia ya omu. Zile za ampea 5 ziko chini ya omu moja. Multimita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya umekatika, na kwa kawaida umekatikia palepale unapoingilia kwenye pete, ambapo injini inautikisa safari nzima. Kwenye CT za ampea 5 tafuta pia kile kipande cha shoti ambacho mtu alikiweka akiondoa mita halafu akasahau kukitoa.

Na kuna wanaovisha CT kwenye waya wa betri. CT haipimi mkondo wa betri kwa sababu mkondo huo haubadiliki mwelekeo, na chuma cha koili husikia mabadiliko tu. Kwa betri tumia shanti (rezista ndogo ya kupimia mkondo) au kihisi cha Hall (kinachohisi usumaku wa waya). Ukiona namba yoyote hapo, ni vishindo vya inveta unavyoviona.

Inasoma, lakini nusu au maradufu

Soma kibandiko cha CT kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Koili ya 50/5 kwenye mita iliyoambiwa 100/5 itaonyesha maradufu. Ukikuta waya umezungushwa mara mbili tunduni, nayo ni maradufu: kila mzunguko unahesabiwa. Hiyo ya pili si kosa lazima. Kwa mizigo midogo, yaani vifaa vinavyokula stima kidogo, huwa naifanya makusudi. CT ya ampea 100 ikiwekwa kupima taa za LED na redio za boti ndogo inafanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, ambako haioni vizuri. Waya laini ukizungushwa mara nne, CT hiyo inakuwa kama ya ampea 25, na mita unaiambia hivyo. Ila andika kwa kalamu ya kudumu ndani ya mlango wa paneli, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako.

Koili ndogo za kufunguka zinazouzwa kwa wingi, za familia ya SCT-013, zina mtego wake. Zinafanana kama mapacha, lakini moja inatoa miliampea 50 kwa ampea 100, na nyingine inatoa volti 1 kwa ampea 30 kwa sababu ina rezista ndani. Maandishi ya kuzitofautisha ni madogo mno. Ile ya miliampea inahitaji rezista ya nje kwenye mita. Ukiifunga kwenye mita inayotarajia volti bila rezista, utaona namba za wazimu. Ile ya volti ukiiongezea rezista ya pili, itasoma chini.

Kuhakiki ni rahisi. Tuseme una ile ya miliampea (ampea 100 kwa miliampea 50 ni 2000 kwa 1) na rezista ya omu 33. Birika la ampea 8.3 linatoa ampea 8.3 gawanya kwa 2000, yaani miliampea 4.15. Zidisha kwa 33 upate milivolti 137 hivi. Weka multimita yako kwenye milivolti za AC juu ya rezista. Ukipata 137 au karibu yake, koili na rezista ni salama, kosa liko ndani ya mita au kwenye namba iliyoandikwa humo. Ukipata kitu tofauti kabisa, kosa liko upande wa koili. Kwa kipimo hicho kimoja umegawa tatizo katikati.

CT za ampea 5 zina ugonjwa wa kwao: waya mwembamba na mrefu. Koili iliyoandikwa 2.5 VA (volti-ampea, yaani nguvu inayoweza kusukuma) inaweza kubeba mzigo wa omu 0.1 tu, ukiijumlisha mita na waya wote. Sasa mita iko kwenye kibanda cha nahodha, paneli iko chini karibu na injini, umbali wa mita 10. Kwenda na kurudi ni mita 20. Waya wa 1.5 mm² una takriban miliomu 12 kwa kila mita, kwa hiyo waya peke yake umekula omu 0.24, zaidi ya maradufu ya uwezo wa koili. Mzigo mdogo utapimwa sawasawa, lakini mkondo ukipanda chuma kinajaa usumaku na mita inabaki chini. Ukiona mita iko sahihi kwa birika moja lakini inapungukiwa ukiongeza hita na pasi, fikiria hili kwanza. Sogeza mita karibu, au weka waya mnene, au tumia koili inayotoa miliampea.

Wati hasi, au wati ambazo hazieleweki

Mita ya ampea haijali koili imeelekea wapi. Mita ya wati inajali. Pete nyingi zina mshale, au herufi K na L, au P1 na P2. Mshale uelekee kwenye mizigo. Ukikuta birika linasoma hasi 2000, geuza koili, au badilishana nyaya mbili ndogo. Si vyote viwili.

Hasi 1000 je? Hapa watu hupotea. Nusu, tena hasi, kwa birika, ni dalili ya boti kubwa yenye fezi tatu ambayo koili iko kwenye fezi moja na waya wa mita wa kupimia volti uko kwenye fezi nyingine. Fezi zimepishana digrii 120, na kosaini ya 120 ni hasi nusu. Halafu mtu anageuza koili, anapata chanya 1000, anaenda kwenye mipangilio anazidisha kwa mbili, birika linasoma 2000, kila mtu anafurahi. Pampu ikiwaka tu namba zinavurugika, kwa sababu mota haiendi sambamba na volteji kama birika. Namna ya kumaliza ubishi: pima volti kati ya waya wa mita wa volti na waya unaopita ndani ya koili. Kama ni fezi moja utapata sufuri au karibu yake. Ukipata 415, umekamata kosa.

Jambo moja ambalo mita ya wati haitakuambia kamwe ni kwamba laivu na nyutro zimebadilishana gatini. Zikibadilishana kabla ya paneli, volteji na mkondo vyote vinageuka pamoja, na hasi mara hasi ni chanya. Mita inasoma vizuri kabisa huku breka zako za nguzo moja zikikata nyutro na kuacha laivu ndani ya kila kifaa. Tumia testa ya soketi kila mara boti inapohamia gati jipya.

Kila kitu kimezimwa, mita bado inasoma kitu

Ampea 0.1 au 0.2 kwenye koili ya ampea 100 ni kelele tu. Nyaya ndogo zimelazwa sambamba na nyaya nene kwa umbali mrefu, au koili imebanwa ubavuni mwa waya mwingine wenye mkondo mkubwa. Sokota nyaya mbili ndogo pamoja, zisogeze mbali, angalia tena. Ikipanda kupita hapo, zima breka moja moja. Kwa kawaida utaikuta chaja ya betri, ambayo hakuna aliyeihesabu kwa sababu haina swichi yake.

Koili inavuma, ina joto, inanuka

Zima gatini. Ndipo ufikiri. Kama ni CT ya ampea 5, karibu hakika nyaya zake ndogo zimeachia kwenye skrubu, na iko wazi. Koili iliyokaa wazi na ikapata moto, itupe; chuma chake kinaweza kubaki na usumaku na isisome sawasawa tena. Kama koili yenyewe haina joto ila kiungo kilicho karibu nayo ndicho kimeungua plastiki, hiyo si habari ya CT: ni lagi (kichwa cha waya) iliyolegea kwenye breka kuu au soketi ya ubavuni iliyooza. Soketi za buluu za ampea 16 na 32 zikilegea huungua kwa ndani kabla ya kuonekana kwa nje.

RCD inakata kila ukichomeka

Ndani ya RCD, ile breka inayokata stima ikivuja, mna CT. Ni ileile hadithi ya kebo nzima kupita tunduni, ila humu imefanywa makusudi: laivu na nyutro zinapita pamoja, jumla inatakiwa iwe sufuri, na ikikosa sufuri kwa miliampea 30 kifaa kinakata. Kwa hiyo RCD ikikata, inasema kuna mkondo uliokwenda na haukurudi kwa njia yake. Swali ni ulirudia wapi.

Watu wa nchi kavu wanaweza kulichukulia hili kama usumbufu. Kwenye Ziwa Victoria siwezi. Maji ya ziwa ni baridi, yaani hayana chumvi, na kwa sababu hiyo yanapitisha umeme vibaya kuliko mwili wa binadamu. Umeme unaovuja kutoka kwenye boti hadi majini, ukikuta mtu anaogelea, unaona mwilini mwake njia iliyo rahisi kuliko maji yaliyomzunguka. Misuli inakakamaa, mtu anazama bila kupiga kelele, na wanaomtoa wanasema alishindwa kuogelea. Baharini Mombasa hatari ya namna hii ni ndogo zaidi, maana maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri na unampita mtu pembeni. Sasa fikiria watoto wanaoruka majini kutoka gatini jioni. Ndiyo maana nikikuta boti ambayo RCD yake imerukwa kwa waya "ili friji isizime", siendelei na kazi nyingine mpaka waya huo utoke.

Sababu ninayoanza nayo ni nyutro na ardhi kuunganishwa ndani ya boti. Ukiwa kwenye stima ya gatini, muungano huo unatakiwa uwe nchi kavu tu. Ukiwa kwenye jenereta au inveta ya boti, unatakiwa uwe kwenye chanzo hicho. Mtu akiunganisha nyutro na ardhi kwenye paneli moja kwa moja, siku boti ikichomekwa gatini sehemu ya mkondo wa nyutro inarudi kwa waya wa ardhi, na nyingine kwa propela na maji. RCD inaona upungufu, inakata. Pima kwa omu kati ya basba (kipande cha chuma nyaya zinapofungwa pamoja) ya nyutro na ya ardhi, kebo ikiwa imechomolewa na chenjiova iko upande wa gati: pasiwe na njia. Angalia pia nyutro zilizochanganywa, yaani kifaa kinachopata laivu kutoka kwenye inveta lakini nyutro yake imerudishwa kwenye basba ya gatini. Hata hiyo inatosha kukata.

Kama nyutro ziko safi, washa breka moja moja. Hita ya maji ndiyo mshukiwa mkuu, maana mrija wake hupasuka na maji yakaingia ndani. Baada yake ni plagi na soketi zilizoingiwa na maji.

Sasa ile sufuri ya kebo nzima. Chukua klampu mita inayoweza kupima miliampea (za kawaida za mafundi haziwezi) na uibane kwa mitindo miwili. Kwanza ndani ya paneli, kwenye laivu na nyutro pamoja, waya wa ardhi ukiwa nje. Unachosoma ni uvujaji wote, uwe unarudi kwa waya wa ardhi au kwa maji. Kisha nje, ibane juu ya kebo nzima ya gati, nyaya zote tatu ndani. Hapa unachosoma ni kile tu kinachorudi nje ya kebo, yaani kupitia ziwa. Namba hii ya pili inatakiwa iwe sufuri. Ikiwa si sufuri, zima breka kuu ya boti na usome tena. Ikitoweka, uvujaji ni wako. Ikibaki, mkondo unaingia kwako kutoka kwenye boti nyingine au kwenye gati lenyewe, kupitia waya wa ardhi mnaoshirikiana, na sehemu zako za chuma zilizo majini ndizo mlango. Mjulishe mwenye gati siku hiyohiyo, na asiruhusu mtu aingie majini hapo. Marekebisho ya upande wa nchi kavu ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, si yetu wa boti.

Wengine hukata waya wa ardhi kuzuia hali hiyo, au kuzuia propela kuliwa. Usifanye. Bila waya huo kosa la hita moja linaifanya boti nzima kuwa na volti 240 na hakuna breka itakayojua. Kuna kitenganishi cha galvani kinachofungwa kwenye waya wa ardhi: kinazuia ule mkondo mdogo wa moja kwa moja unaokula chuma, na bado kinapitisha mkondo wa hatari ukitokea. Transfoma ya kutenganisha ni bora zaidi, na ghali zaidi. Na maadamu tunazungumzia kuliwa kwa chuma, kwenye maji baridi tumia anodi (vipande vya chuma vinavyoliwa badala ya propela) za magnesi. Za zinki ni za baharini.

Boti iliyotoka Marekani

Hapa nenda polepole. Kule waya mweusi ni laivu na mweupe ni nyutro. Nyumba zetu za zamani, zilizofuata rangi za Kiingereza, nyeusi ni nyutro na nyekundu ni laivu. Nyaya mpya ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Boti iliyofanyiwa marekebisho hapa inaweza kuwa na mifumo yote mitatu kwenye paneli moja. Usiamini rangi, pima.

Paneli zao kubwa zina laivu mbili, kila moja volti 120 kwa nyutro na 240 baina yake, kwa hiyo zina CT mbili. CT moja ikisoma hasi na nyingine chanya, hakikisha kwanza kila koili imefungwa na volti ya laivu yake. Kati ya waya wa volti na waya wa ndani ya koili utapata 240 ikiwa zimepishana. Paneli hiyo haiwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye stima ya Kenya. Inahitaji transfoma ya kuigawa stima hiyo mara mbili. Koili za hezi 60 zenyewe zinafanya kazi kwenye hezi 50 bila shida, ila chuma chake kinajaa mapema kidogo.

Ilisoma vizuri, sasa inapungua polepole

Hii ni ya koili za kufunguka peke yake. Nyuso mbili za chuma zinapokutana zinatakiwa zigusane kabisa. Unyevu wa ziwa unaleta kutu, na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wanaingia paneli kupitia matundu ya kebo, wanafia humo, na unga wao unajaa kwenye mwanya. Pengo la unene wa karatasi linatosha kushusha kipimo. Zima, fungua koili, futa nyuso zote mbili kwa kitambaa kikavu chenye spiriti kidogo, usitumie msasa, funga hadi isikike ikibana, urudie birika. Kisha ziba matundu ya kebo kwa grandi za mpira za saizi inayolingana.